Kabla ya Kununua Dawa ya Kidonda cha Mguu

Shangazi yangu huuza omena sokoni Kibuye, hapa Kisumu, na kwa miaka mingi alifanya kazi hiyo akiwa amesimama tangu alfajiri. Kidonda kilimtoka juu kidogo ya kifundo cha mguu, upande wa ndani. Tulimwagia spiriti, tukafungua kapsuli na kunyunyiza unga wake, miezi minne ikapita, kikawa donda ndugu. Alipochomwa kidole hatimaye, sukari ilikuwa 19. Miezi yote hiyo hakuna aliyempima, hata sisi tuliompenda hatukuuliza.

Kwa hiyo kidonda kikipita wiki mbili bila kuonyesha dalili ya kupona, omba kupimwa sukari na presha siku hiyo hiyo. Sukari ya asubuhi kabla ya kula chochote ikifika 7.0 (kwa kipimo cha mmol/L), au presha ikifika 140 kwa 90, rudi upimwe tena kuthibitisha. Kijana mwenye macho ya manjano na maumivu ya mifupa yanayomrudia apimwe selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi (sickle cell). Ugonjwa huo ni mwingi huku ziwani, nao huleta vidonda penye vifundo.

Tazama kilipo. Kikiwa juu ya kifundo, ngozi imekuwa nyeusi na ngumu, na mguu unafura jioni, mara nyingi ni vena zilizoshindwa kurudisha damu juu. Kusimama sana na uzito huzidisha. Lakini kikiwa vidoleni au kisiginoni, mguu ni baridi, na mgonjwa huuning'iniza nje ya kitanda usiku ndipo apate nafuu, huenda mishipa inayoleta damu imeziba, hasa akiwa mvutaji sigara. Huyo usimfunge bandeji ya kubana, ile wanayofungwa wenye shida ya vena! Muuguzi alinganishe kwanza presha ya kifundo na ya mkono. Damu ikiwa haba, kubana kunaweza kumpotezea mguu.

Sukari nayo huua hisia. Jioni moja nilimvua shangazi kiatu cha plastiki, nikakuta kokoto imezama kwenye wayo, imeacha shimo jekundu. Alikuwa ameikanyaga tangu asubuhi, hakusikia kitu. Tangu siku hiyo tunakung'uta viatu kabla ya kuvaa, na nyayo tunazikagua kila usiku kwa tochi ya simu.

Kuosha: maji yaliyochemka yakapoa, basi. Spiriti huunguza nyama changa inayoota.

Kila Jumapili weka plastiki mbili safi juu ya kidonda, chora ukingo wake kwa biro kwenye ya juu, andika tarehe, ya chini uitupe. Macho hudanganya, mchoro haudanganyi. Kikinuka, wekundu ukipanda, homa ikija au kidole kikiwa cheusi, usingoje Jumapili, nenda hospitali siku hiyo.

Siku hizi shangazi anauza akiwa ameketi, mguu juu ya kreti ya soda, baada ya muuguzi kuthibitisha kwamba damu inafika vizuri. Mchoro wa Jumapili iliyopita ulikuwa mdogo kuliko punje ya maharagwe.