Pima joto kabla ya kuongeza gesi

Friji ya dukani inaposhindwa kupoza, hasa Januari na Februari ambapo Moshi huwa na joto kali, wengi hukimbilia kuongeza gesi bila kupima chochote, na hilo hunisikitisha kwa sababu mara nyingi gesi haikupungua. Weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji katikati ya friji na ukiache humo usiku kucha, kwa kuwa hewa hubadilika kila mlango unapofunguliwa, ilhali maji hukaribia joto halisi la chakula. Asubuhi kisizidi nyuzi 4 za Selsiasi.

Kikizidi, funga kipimajoto cha waya kwenye bomba linalotoka kwenye kondensa, yaani mabomba ya nje ya friji yanayotoa joto, ukikifunika kwa sponji kavu ili hewa ya chumbani isipotoshe kipimo. Bomba likizidi joto la chumba kwa nyuzi 15 au zaidi, mimi hushuku kwanza vumbi kwenye kondensa (na vumbi la kiangazi huku si dogo) au feni iliyokufa. Likikaribiana na joto la chumba, huku barafu ikishika mwanzo tu wa mabomba ya ndani, huenda gesi imepungua kweli. Tafuta panapovuja kabla ya kujaza.