SOMO: Umeandikiwa dawa ya kolestro, unaitumiaje na jikoni unabadilisha nini

Habari zenu wadau. Niko famasi hapa Mwanjelwa, Mbeya, na kuna kitu nakiona dirishani kinaniumiza sana. Mtu ananunua atorvastatini ya mwezi mmoja, anaenda kupima anakuta namba imeshuka, anasema tayari nimepona, anaacha. Jamani hii sio kama dozi ya malaria kwamba unamaliza na habari imeisha, namba imeshuka KWA SABABU unameza, ukiacha wiki chache tu inarudi kule kule na wala hutasikia chochote mpaka siku ya kiharusi au moyo. Kwaiyo twende taratibu.

HATUA YA 1: Pima, na karatasi uisome mwenyewe

Kolestro haina dalili. Kuchoka, ganzi miguuni, kisogo kuuma, hivyo vitafutie sababu nyingine, usisubiri mwili ukwambie. Kipimo ni lipidi profaili, yaani kipimo cha mafuta ya kwenye damu, sehemu nyingi watakwambia ukae masaa 9 mpaka 12 bila kula, maji kunywa tu.

Majibu yakitoka watu wote wanakimbilia ile jumla. Angalia LDL, wengi wanaiita kolestro mbaya, hiyo ndo inayojijenga kwenye kuta za mishipa. Kama wameandika kwa mg/dL gawanya kwa 38.7 utapata mmol/L. Kwa mtu wa kawaida LDL chini ya 2.6 ni nzuri, ila aliyewahi kupata kiharusi au shambulio la moyo anatakiwa afike 1.8 au chini zaidi. Lengo lako wewe anakupangia daktari kwa kuangalia umri, presha, sukari na sigara, usichukue namba ya jirani.

HATUA YA 2: Dawa

Kolestro nyingi hatuili, inatengenezwa na ini lenyewe, ndo maana unakuta mtu mwembamba anaekula mboga kila siku LDL iko juu na mwenye mwili mkubwa yuko sawa. Hizi dawa za jamii ya statini zinapunguza huo utengenezaji, alafu ini likipungukiwa linaanza kuivuta LDL kutoka kwenye damu.

Simvastatini meza usiku. Atorvastatini na rosuvastatini saa yoyote, ila iwe saa ile ile ambayo hutasahau. Ukisahau leo usimeze mbili kesho. Na usijiongezee dozi mwenyewe ukidhani utashuka mara mbili, haiko hivyo: atorvastatini ya miligramu 20 inaweza kushusha LDL kama asilimia 40, ukienda 40 unaongeza kama asilimia 6 tu. Rudia kipimo kati ya wiki ya 4 na ya 12 tangu uanze, baada ya hapo namba ikitulia mara moja kwa mwaka inatosha kwa wengi.

HATUA YA 3: Jikoni, na hapa ndo kuna kazi

Watu wanaogopa nyama wanasahau mafuta ya kupikia. Baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba inakuonyesha yenyewe: chupa inayoganda kabatini asubuhi ndo yenye yale mafuta yanayopandisha LDL. Mawese ya Kyela matamu najua, lakini karibu nusu yake ni mafuta ya kuganda, wakati alizeti ni kama moja ya kumi tu. Hamia alizeti na upime kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye dumu. Kitimoto sijasema usiguse kabisa, ila kila wikiendi kilo na ule mkanda wa mafuta pamoja na chipsi pembeni zilizokaangwa kwenye mafuta ya tangu juzi, hapana, hiyo dawa unaipa kazi ngumu bure. Samli na siagi punguza, weka parachichi, tena sisi wa Rungwe na Njombe tunalo mpaka linaozea shambani.

Maharage kula sana. Kande ya maharage mengi isiyozamishwa kwenye mafuta ni chakula kizuri mno kwa mwenye kolestro, zile nyuzinyuzi zake zinashika kolestro tumboni inatoka nje na choo.

Na wanywa kahawa, wa Mbozi hasa! Kahawa ya kuchemsha na unga wake inapandisha LDL kweli, kuna mafuta yake yanabaki kikombeni. Ichuje na karatasi ya kuchujia kahawa, hayo mafuta yanabaki kwenye karatasi.

Kama kilicho juu ni trigliseridi, yale mafuta mengine ya kwenye damu, basi angalia soda, sukari na pombe, ulanzi na komoni zimo.

HATUA YA 4: Tembea

Dakika 150 kwa wiki, mwendo wa kukufanya uhemee kidogo. Mbeya ni milima mitupu, bajaji uiache siku moja moja. Sigara acha.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Tukuyu: Shikamoo, mama yangu anatumia amlodipini ya presha, sasa kaandikiwa na simvastatini ya 40. Kuna shida?

Jibu: Marahaba. Ndio ipo, umefanya vizuri kuuliza. Mtu akiwa kwenye amlodipini simvastatini isizidi 20, inajaa mwilini inaumiza misuli. Dawa ya presha ASIACHE, arudi kwa daktari na vidonge vyote mkononi, anaweza kupunguziwa au kubadilishiwa.

Mdau wa Iringa: Ndimu na kitunguu swaumu kwenye maji ya moto si inakata mafuta?

Jibu: Ndimu haikati mafuta ya kwenye damu kaka. Kitunguu swaumu kinashusha kidogo sana, weka kwenye mboga ila sio badala ya dawa.

Mdau wa Mafinga: Toka nianze mapaja yanauma, niache?

Jibu: Usiache kimya kimya. Wengine ni dawa kweli na wengine maumivu yangekuja tu, mwambie daktari, anaweza kushusha dozi au kukupa nyingine. Lakini misuli ikiuma sana, nguvu zikaisha na mkojo ukawa mweusi kama soda, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Alafu ukipewa dawa za vidonda vya tumbo zenye klarithromisini, au vidonge vya fangasi, au kama unatumia ARV, sema mapema kwamba unameza statini, baadhi hazipatani.

Mdau wa Mbozi: Mayai?

Jibu: Moja kwa siku kwa wengi haina neno, ila la kuchemsha.

Dada wa Njombe: Natarajia kushika mimba mwaka huu.

Jibu: Mwone daktari kabla, dada. Wengi wanasimamishwa statini kipindi cha mimba na kunyonyesha.

Mdau wa Makambako: Nina miaka 29, mwembamba, LDL 6.1. Baba alianguka ghafla akafariki na 45. Nijaribu chakula kwanza?

Jibu: Pole sana ndugu yangu. LDL kuanzia 4.9 kwa umri wako na historia ya mzee, inawezekana ni ya kurithi, na sio ajabu, ni kama mtu mmoja kwa kila 250. Chakula peke yake hakitafikisha, usipoteze miezi. Muone daktari wiki hii, mwambie habari za baba, uliza na kipimo cha tezi la shingo maana likiwa zembe nalo linapandisha LDL. Ndugu zako wa tumbo moja wapime wote, na watoto kama unao, hata kama wanacheza mpira vizuri.