Ijumaa utahitaji wahudumu wangapi?

Mwenye hoteli akikwambia "Ijumaa watu huwa wengi", muulize: wengi ni wangapi, na saa ngapi? Nina mkahawa mdogo Lamu mjini, karibu na forodhani, na zamu zangu nazipanga kwa maswali hayo mawili.

Anza kwa kuhesabu sahani, si pesa. Jumla ya M-Pesa ya jioni haikwambii kama ni familia moja iliyoagiza kamba wa kupaka au ni vijana ishirini waliokunywa chai kwa mahamri, na hao vijana ndio wanaomchosha mhudumu. Weka daftari kaunta, gawa ukurasa kwa saa, kila sahani inayotoka jikoni itiwe kijistari. Waandike pia waliochungulia mlangoni, wakaona hapana nafasi, wakaenda zao. Usipowaandika, daftari litakwambia wahudumu wanatosha.

Wiki tatu nne zinatosha kuanzia. Kilele cha Ijumaa ni baada ya sala, tangu saa saba na nusu hadi saa nane na nusu. Tuseme Ijumaa tatu zimetoa sahani 52, 60 na 56 katika saa hiyo. Wastani ni 56. Mhudumu mmoja akimudu sahani 14 kwa saa bila kukimbia na kumwaga mchuzi, unahitaji wanne. Ukichukua sahani za kutwa ukazigawa kwa saa za kutwa, utaona wawili wanatosha, kisha saa nane watu wanagonga meza.

Jikoni hesabu ni nyingine. Kukuna nazi, kuparua samaki na kuchambua mchele hakumsubiri mteja aketi. Kazi hizo hufuata idadi ya sahani za siku, si saa ya kilele, kwa hiyo mtu wa nazi namtaka asubuhi na mapema na adhuhuri namruhusu aende. Kumweka hadi jioni kwa kuwa "leo kuna watu" ni kulipa mtu akae kwenye baraza.

Kalenda ndiyo inayowaponza wengi hapa kwetu. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kumi au kumi na moja, hivyo ukilinganisha mwezi huu na mwezi kama huu wa mwaka jana, huenda unalinganisha mfungo na siku za kula. Andika tarehe zote mbili juu ya kila ukurasa. Ramadhani linganisha na Ramadhani: mchana jiko limelala, kisha kabla ya magharibi kila mtu anataka sambusa na kaimati kwa pamoja.

Maulidi nayo ina hesabu yake. Chukua sahani za siku hizo mwaka jana, uzigawe kwa sahani za siku za kawaida za wakati ule. Ukipata mbili na nusu, zidisha siku zako za kawaida za sasa kwa mbili na nusu. Idadi ya mwaka jana ukiibeba ilivyo itakupotosha, maana biashara huenda imekua au imepungua tangu hapo. Kisha waulize wanaojua kabla yako: wenye nyumba za wageni, manahodha wa Shela, wanaopokea wageni uwanja wa ndege wa Manda. Vyumba vikijaa wiki ijayo, meza nazo zitajaa.

Ukishapata wanne, usiajiri wanne. Nafasi nne kwa siku saba ni zamu 28, na Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Gawa 28 kwa sita, unapata nne na kitu, yaani watu watano. Ikiwa ni Ijumaa tu inayotaka wanne na siku nyingine wawili, zamu ni 16: waajiriwa watatu wanatosha, na Ijumaa unaongeza kibarua. Kibarua mwenyewe apewe habari mapema. Ukimpigia simu asubuhi hiyohiyo, utamkuta yuko mashuani.

Jumamosi asubuhi andika ulichokadiria na kilichotokea, na sababu pembeni: mvua, harusi Langoni, bahari kuchafuka kwa kusi. Ukikosea mara moja kwa sababu ya harusi, acha hesabu ilivyo. Ukikosea Ijumaa mbili mfululizo upande uleule na pembeni hapana sababu, badilisha wastani wako.