Kumfundisha Mwanagenzi Kutibu Kompyuta za Ofisini Kabla Hajakimbilia Kupiga Windows

Katika maduka ya stationari na vibanda vya mafundi, kuanzia Mwanjelwa jijini Mbeya hadi Makambako na Iringa mjini, ipo dawa moja inayotolewa kwa kila ugonjwa wa kompyuta, nayo ni kupiga Windows upya, yaani kuifuta diski na kusakinisha mfumo endeshi upya. Mashine ikiwa nzito, inapigwa Windows. Printa ikigoma, inapigwa Windows. Hata saa ikipotea, wapo watakaopiga Windows. Ubaya wa dawa hiyo ni kwamba mara nyingi inaponya, kwa hiyo fundi huondoka bila kujua kilichokuwa kibovu, naye mwenye kompyuta hubaki bila mafaili yake na bila programu ya uhasibu aliyokwisha kuilipia. Mwongozo huu unamlenga fundi au ofisa wa kompyuta anayepokea vijana wa mafunzo kwa vitendo na anayetaka waweze, baada ya miezi michache, kumhudumia mtumiaji wa kawaida bila kumwongezea hasara.

Mimi nilianza vibaya. Nikiwa fundi mchanga nililetewa kompyuta ya shule moja ya sekondari iliyokuwa inakwama kwenye nembo. Nilinakili folda za Desktop na Documents, nikapiga Windows, nikajiona nimemaliza. Kumbe alama za mitihani za muhula mzima zilikuwa kwenye folda ambayo mwalimu wa taaluma alikuwa ameifungua moja kwa moja kwenye diski C, na mimi sikumuuliza wala sikutazama. Ndiyo maana mwanagenzi wangu hujifunza kuokoa mafaili kabla ya kujifunza kitu kingine chochote. Mpe flashi yenye mfumo endeshi wa Linux unaoweza kuwaka bila kusakinishwa, mwoneshe jinsi ya kuiwasha mashine kwa flashi hiyo na kuifungua diski ya ndani, kisha mwache azitafute mwenyewe sehemu zote ambako watu huficha kazi zao: mzizi wa diski C, folda ya Downloads, diski D, hata pipa la takataka, kwa maana wapo wanaolitumia kama kabati.

Kusikiliza kabla ya kugusa

Wiki ya kwanza mwanagenzi asiguse kibodi ya mteja. Akae pembeni, asikilize, aandike. Mtumiaji akisema "kompyuta imegoma," maneno hayo yanaweza kumaanisha kwamba haiwaki kabisa, au inawaka lakini kioo ni cheusi, au inafika kwenye nembo na kukwama, au inaingia vizuri lakini programu moja haifunguki, au pengine ni nenosiri tu lililokataliwa. Kila moja ina njia yake, na anayechanganya ya kwanza na ya pili atabadilisha pawasaplai (kifaa kinachoipa mashine umeme) wakati waya wa kioo ndio uliochomoka.

Mfundishe pia namna ya kuuliza, kwa kuwa hapa ndipo vijana wengi wenye akili huharibu. Swali "Umeifanya nini?" linasikika kama mashtaka, na karani wa miaka hamsini atajibu "Sijafanya kitu," hata kama jana alichomeka flashi ya mpwa wake. Swali "Ilikuonesha nini?" linamfungua mdomo. Kijana aanze kwa salamu kamili, kama tulivyolelewa: "Shikamoo mama, pole na usumbufu. Naomba unioneshe ulivyokuwa unafanya, kana kwamba mimi sipo." Kisha anyamaze atazame mikono. Baada ya hapo ndipo aulize ilianza lini, mara ya mwisho ilifanya kazi lini, kati ya siku hizo mbili kimebadilika nini, na kama tatizo hutokea kila mara au kwa bahati. Ujumbe wa kosa ukijitokeza, aunakili neno kwa neno au aupige picha kwa simu, asiandike "ilileta maneno ya Kiingereza."

Kuharibu kwa makusudi

Tenga kompyuta mbili au tatu zilizochakaa ambazo hazina kazi ya mtu, weka nakala kamili ya mfumo wake kwenye diski ya nje ili uweze kuzirudisha zilivyokuwa, kisha zivuruge kila asubuhi kabla vijana hawajafika. Sijaona njia ya kufundishia iliyo bora kuliko hii, na haina gharama. Legeza kidogo waya wa kioo. Rudisha tarehe hadi mwaka 2009, uwaachie wagundue kwa nini kila tovuti inakataa kufunguka, kwani vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Badilisha mpangilio wa lugha ya kibodi ili nenosiri sahihi lionekane si sahihi. Sitisha foleni ya printa. Ijaze diski hadi ibaki nafasi ndogo sana. Weka anwani isiyokuwepo ya proksi, yaani kompyuta ya kati ambayo mawasiliano ya intaneti hupitia. Kila ubovu uwe mmoja tu mwanzoni. Wakizoea, weka miwili kwa pamoja, kwa sababu hapo ndipo kanuni ya kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja inapopata maana. Kijana aliyebadilisha vitu vinne na mashine ikapona hajui kipi kilichoiponya, na usimhesabie alama hata kama mashine inafanya kazi.

Wakati wa mazoezi haya mwalimu ajizuie kuchukua kipanya. Ni mtihani kwa mwalimu kuliko kwa mwanafunzi. Ukishika kipanya, somo limekwisha, na kijana amejifunza kwamba wewe ni hodari.

Kupunguza eneo la ubovu

Mfundishe kukata tatizo vipande viwili kila hatua. Mtandao ni mfano mzuri. Je, ni kompyuta hii tu au ofisi nzima haina intaneti? Ikiwa ni hii tu, aandike ipconfig kwenye dirisha la amri, aone anwani ya mtandao ya mashine. Akikuta anwani inayoanza na 169.254, mashine haikupewa anwani na ruta, kwa hiyo atazame waya, swichi au Wi-Fi. Anwani ikiwa sahihi, aipige ruta kwa ping (amri ya kuuliza kama kifaa kingine kinajibu), kisha 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya Google kwenye intaneti, kisha jina la tovuti. Namba ikijibu na jina likakataa, tatizo ni huduma ya majina (DNS), ile inayogeuza jina la tovuti kuwa namba, wala hakuna haja ya kulaumu bando. Kijana aliyeelewa mfuatano huo atautumia kwenye printa na hata sauti bila kufundishwa upya.

Kwa mashine nzito, afungue Task Manager kwa Ctrl, Shift na Esc kabla ya kutoa hukumu. Kompyuta nyingi za ofisini kwetu zililetwa zikiwa zimetumika nje, zina diski ya kuzunguka na RAM ya GB 4. Akiona diski iko asilimia 100 huku prosesa imetulia, kubadilisha diski hiyo kwa SSD, diski ya kasi isiyozunguka, kutasaidia kuliko kufuta programu ishirini. Atazame pia kama mfumo unapakua masasisho chinichini kwa bando la simu. Kwenye mipangilio ya Wi-Fi unaweza kuutambulisha mtandao kuwa unalipiwa kwa kipimo, na upakuaji mwingi utasubiri.

Amri za kukarabati mfumo endeshi zije baadaye. Amri ya sfc /scannow hukagua mafaili ya mfumo na kurudisha yaliyoharibika; ikishindwa, DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth hutengeneza ghala ambalo sfc hulitegemea, kisha sfc irudiwe. Kuhusu chkdsk /r, amri ya kukagua diski yenyewe, sisitiza jambo moja: diski inayogonga au inayosoma kwa kusuasua isipewe amri hiyo kabla mafaili hayajanakiliwa, kwa kuwa kuikagua kila sehemu kunaweza kuimaliza kabisa. Flashi iliyojaa njia za mkato (shortcut) nayo haihitaji kufomatiwa haraka. Mara nyingi kirusi kimeyaficha tu mafaili halisi, na amri attrib -h -r -s /s /d ikielekezwa kwenye flashi hiyo huyarudisha machoni, baada ya kukiondoa kirusi chenyewe.

Mambo ya huku kwetu

Nyanda za juu zina magonjwa yake. Kuanzia Novemba hadi Aprili, hasa upande wa Rungwe ambako mvua ni nyingi, radi huingia kwa waya wa umeme na pia kwa waya wa mtandao, kwa hiyo mwanagenzi amzoeze mtumiaji kuchomoa vyote viwili. Ofisi zinazozima umeme ukutani kila jioni huifanya betri ndogo ya ubao mama, aina ya CR2032, iishe mapema. Dalili yake ni saa inayorudi nyuma kila asubuhi. Na asubuhi za Juni na Julai kule Makete na Njombe, kompyuta mpakato iliyolala kwenye baridi kali ikiingizwa chumba chenye moto iachwe kwanza ipate joto, isije ikawashwa ikiwa na umande ndani.

Windows 10 iliacha kupata msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi tulizo nazo haziruhusiwi rasmi kupokea Windows 11, kwa kuwa hazina chipu ya usalama ya TPM 2.0 au prosesa zake ni za zamani. Kijana ajue kulieleza hilo kwa mteja bila kumtisha na bila kumdanganya kwa njia za mkato. Kwenye mashine mpya zaidi, kabla ya kugusa BIOS, programu ya msingi inayoiamsha mashine, athibitishe kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows. Mabadiliko madogo yanaweza kuifanya idai ufunguo wa tarakimu 48, na mwenye mashine asipoupata, mafaili hayarudi.

Tangu Mei 2023, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika nchini, kwa hiyo kufungua picha au barua za mteja bila sababu ya kazi si utovu wa adabu pekee. Nenosiri la mteja alichape mteja mwenyewe, naye kijana ageuze uso.

Kila kazi iandikwe kwenye daftari: dalili kwa maneno ya mtumiaji, kilichojaribiwa kwa mfuatano, kilichoponya. Kabla ya kuondoka, mtumiaji mwenyewe afanye ile kazi iliyokuwa imekwama, achape ile barua, afungue ile faili. Mwanagenzi namruhusu kwenda peke yake siku atakaporudi na mashine isiyopona akisema "Imenishinda," mafaili yote ya mteja yakiwa salama, na daftarini kuna mistari ya kutosha kunionesha nianzie wapi.