Kukaa kwa Utulivu Matema: Mwongozo wa Nyumba za Wageni za Bei Nafuu Ufukweni mwa Ziwa Nyasa

Mgeni anayekwenda Matema akitarajia hoteli hurudi akilalamika, na anayekwenda akijua kwamba analala nyumbani kwa watu hurudi akiwa amenenepa. Nyumba nyingi za bei nafuu katika kijiji hiki cha Wilaya ya Kyela, kilichoko kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, hazina jokofu lililojaa vyakula, hazina mpishi anayekesha, wala hazina jenereta linalowashwa kila umeme unapokatika. Zina mchanga, kivuli cha miembe, maji yanayopiga ufukweni usiku kucha, na wenyeji wenye muda wa kuzungumza nawe. Karibu kila kitu kitakachokufurahisha au kukuudhi hapo kitategemea kama ulikiomba mapema, na kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kuomba: uombe nini, kwa nani na saa ngapi.

Kuchagua siku za kwenda

Kyela ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi zaidi Tanzania, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua hizo huwa kali zaidi kati ya Machi na Mei. Anayetaka kuota jua na asiende miezi hiyo. Juni hadi Agosti ni kipindi kikavu, lakini upepo wa kusini huvuma ukiwa umesafiri juu ya ziwa lenye urefu unaokaribia kilomita 580, na unapofika Matema huwa umeinua mawimbi ambayo mtu wa bara hangeyategemea kwenye maji baridi. Kwa maoni yangu Septemba na Oktoba ndiyo miezi bora, kwa sababu joto limerudi, upepo umepungua na mvua bado.

Jambo ambalo wageni wengi hawaliangalii ni mwezi wa angani. Usipa, dagaa wa ziwa hili, huvuliwa usiku kwa taa, na taa hufanya kazi vizuri pale ambapo hakuna mwanga mwingine juu ya maji. Katika siku za giza utakaa barazani na kuona mitumbwi imetawanyika ziwani kama mji mdogo uliowashwa taa kwa mbali, na asubuhi utawakuta wanawake wakianika usipa kwenye vichanja na mchangani, jambo ambalo pia maana yake ni kwamba kitoweo kipo na bei yake imeshuka. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa linang'aa lenyewe, milima inaonekana hadi kileleni, na wavuvi wengi wa taa wanapumzika. Uzuri wa aina zote mbili upo, ila huwezi kuupata kwa pamoja, hivyo angalia kalenda kabla ya kupanga likizo. Mimi huchagua giza, kwa sababu ya usipa.

Ukitafuta ukimya, fika Jumatatu uondoke Ijumaa. Mwisho wa wiki, Pasaka, Krismasi na Mwaka Mpya huleta vikundi kutoka Mbeya na Tukuyu vikiwa na spika zao. Wanaolazimika kwenda siku hizo waulize kwa simu kama nyumba imepokea kikundi cha semina au cha kwaya, kwa kuwa baadhi ya nyumba za hapo ni za kanisa na hutumika kwa makongamano. Siku za kawaida, hata hivyo, nyumba hizo za kanisa ndizo zenye utulivu mkubwa zaidi, na pombe kwa kawaida haiuzwi ndani.

Safari na mzigo

Kutoka Mbeya mjini magari ya Kyela hupitia Tukuyu, katikati ya mashamba ya chai na migomba, kisha barabara huteremka kwa muda mrefu. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na ziwa liko chini ya mita 500, kwa hiyo sweta uliyoanza nayo safari itakuwa mzigo kabla ya saa sita mchana. Ivae ndani ya gari, lakini pakia nguo nyepesi za pamba. Kutoka Kyela mjini au Ipinda hupatikana magari madogo na bodaboda hadi Matema. Toa fedha taslimu Kyela kabla ya kuendelea, tena uombe noti ndogo, kwa sababu wakala wa kijijini anaweza kuishiwa salio la fedha siku ileile unayomhitaji. Ukipita Ipinda, nunua kilo mbili tatu za mchele wa Kyela. Sijawahi kukutana na mwenye nyumba aliyekataa kumpikia mgeni mchele wake mwenyewe, na harufu yake inatosha kukujulisha kwamba hujauziwa mchele wa kuchanganya.

Mzigo wenyewe uwe mdogo: tochi, pawabenki, kandambili, taulo, sabuni, khanga au kikoi, na chandarua kama una wasiwasi na matundu ya cha chumbani. Kitambulisho usikisahau, kwani utaandikishwa kwenye kitabu cha wageni.

Kukagua chumba bila kumwudhi mwenye nyumba

Unapofika, usianze na bei. Msalimie kwanza aliyekupokea, na akiwa mtu mzima anza na shikamoo. Kisha ukiweza kuongeza "Ugonile" ya Kinyakyusa, hata kwa lafudhi mbaya, utaona uso unafunguka. Asante yao ni "ndaga", na ukizidisha shukrani unasema "ndaga fijo". Baada ya hapo omba kuonyeshwa chumba. Hili ni jambo la kawaida kabisa katika gesti yoyote ya Tanzania na halimvunjii mtu heshima.

Ndani ya chumba angalia mambo machache tu. Kishushe chandarua chote na ukichungulie kwa kukielekeza dirishani, kwa sababu matundu hayaonekani kikiwa kimefungwa fundo juu ya kitanda. Fungua bomba uone kama maji yanatoka. Kama hayatoki, uliza ndoo hujazwa saa ngapi na nani. Jaribu komeo la mlango ukiwa ndani na kufuli ukiwa nje. Kisha uliza maswali mawili ya fedha kwa wakati mmoja: bei hiyo ni ya chumba au ya kila kichwa, na je, chai ya asubuhi imo? Ugomvi mwingi wa siku ya kuondoka hutokana na maswali hayo kutoulizwa siku ya kuingia. Punguzo linaombwa kwa wingi wa siku, wala si kwa kukosoa chumba. Anayesema "nitalala siku nne, mama, nisaidie" husikilizwa, wakati anayesema godoro limechakaa hujibiwa kwamba kuna gesti nyingine mbele.

Kama unaweza kuchagua, usikimbilie chumba kilicho karibu zaidi na maji. Wakati wa upepo, mawimbi hupiga kwa nguvu kiasi cha kumnyima usingizi mtu asiyeyazoea. Chumba cha safu ya pili, chenye dirisha upande wa ziwa, kwa kawaida ni cha bei ya chini na kina kivuli zaidi.

Chakula

Hapa ndipo mapema inapohitajika kuliko mahali pengine popote. Nyumba ya bei nafuu hainunui chakula kwa kubahatisha. Hununua baada ya mgeni kusema, na samaki hununuliwa asubuhi mitumbwi inaporudi. Kwa hiyo chakula cha mchana kiagizwe wakati wa chai, na cha jioni kiagizwe kabla ya saa sita. Mwaka mmoja nilifika saa moja jioni siku ya Jumamosi, nikaagiza kuku kwa kujiamini, na nikakaa barazani nikisikiliza kuku huyo akikimbizwa nyuma ya jiko. Tulikula saa nne usiku. Kosa lilikuwa langu, na mama aliyepika hakunilaumu hata kwa jicho.

Agiza vinavyotoka hapo: usipa wabichi wa kukaanga au wa mchuzi wa nyanya, samaki aina ya mbasa kama wamepatikana, ndizi za kupika ambazo Wanyakyusa huziita mbalaga, maharage na wali. Ukiomba chipsi na soseji utaletewa kitu kilichosafirishwa kwa gari na kukosa barafu njiani. Ni vyema pia kulipa sehemu ya fedha wakati wa kuagiza, kwa kuwa mara nyingi mpishi hununua kwa mfuko wake, na kumwachia fedha ya soko ni njia ya uhakika ya kupata samaki mkubwa.

Kuhusu taa wakati wa kula, uwe tayari kwa jambo moja. Siku nyingine utaona kitu kama nguzo za moshi mweusi zikiinuka juu ya ziwa. Hizo ni makundi ya wadudu wadogo wa ziwani, na upepo ukiwaleta ufukweni jioni watafuata mwanga hadi kwenye sahani yako. Hawaumi. Zima taa ya barazani, weka tochi mbali na meza, na ule karibu gizani.

Maji ya ziwa

Ziwa Nyasa lina kina kinachofikia takriban mita 700, na chini ya Milima ya Livingstone ufuko unaweza kuzama ghafla, hivyo mtu asiyejua kuogelea abaki mahali ambapo anaona wenyeji wamesimama. Mchanga ulio wazi, unaopigwa na mawimbi, ndio mahali pa kuogelea. Jiepushe na matete, madimbwi yaliyotulia na midomo ya mito, kwanza kwa sababu ya mamba, ambao hukaa zaidi kwenye midomo ya mito kama Lufilyo, na pili kwa sababu ya kichocho. Konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho hupenda maji yaliyotulia yenye majani, lakini hakuna sehemu ya mwambao inayoweza kuhesabiwa kuwa salama kabisa. Usikae majini kwa saa nyingi, jifute kwa nguvu mara unapotoka, na wiki sita au zaidi baada ya kurudi nyumbani nenda ukapime hata kama huumwi. Dawa yake ipo na ni ya muda mfupi. Homa ikikupata ukiwa hapohapo, kijiji kina hospitali ya kanisa, na kipimo cha malaria kisingoje urudi mjini.

Swali la "wapi panafaa kuogelea leo?" mwulize mvuvi au mama anayefua, kwa sababu wanajua upepo wa asubuhi hiyo. Jua nalo lina tabia yake: kwa kuwa milima iko mashariki, kivuli chake hukaa juu ya ufuko hadi asubuhi imekwenda, na huo ndio wakati mzuri wa kutembea mchangani bila kofia.

Ikombe na vyungu vya Wakisi

Ukiwa na siku ya ziada, nenda Ikombe kwa mtumbwi. Kijiji hicho kiko chini ya milima, na wanawake wa Kikisi wa huko hufinyanga vyungu kwa mikono, bila gurudumu, kisha huvisugua mpaka ving'ae na kuvipaka rangi nyekundu ya udongo. Panga safari jioni ya kuamkia siku hiyo kupitia mwenye nyumba wako, maana yeye anamjua mpiga kasia asiyekunywa. Kubaliana bei ya kwenda na kurudi pamoja na muda wa kusubiri, uliza kuhusu jaketi za kujiokolea, na muondoke alfajiri ili mrudi kabla upepo wa mchana haujaamka. Mkiona povu jeupe kwenye mawimbi mkiwa bado ufukweni, ahirisheni.

Asiyependa mtumbwi asubiri Jumamosi, siku ya soko la Lyulilo, mwendo mfupi tu kutoka Matema, ambako vyungu hivyo hupangwa kwa mamia vikisubiri kupelekwa Mbeya na kwingineko. Nunua viwili vya ukubwa tofauti ili kimoja kiingie ndani ya kingine, uombe vifungwe kwa majani makavu ya migomba, na mwulize aliyekuuzia namna ya kukianzisha chungu kipya jikoni kabla hujakipikia mboga. Katika gari, kipakate. Usimpe utingo akiweke juu.

Kuondoka

Magari ya kwanza huondoka alfajiri, wakati ambapo mapokezi yamefungwa na mwenye chenji amelala. Kwa hiyo lipa kila kitu jioni iliyotangulia, mkihesabu pamoja chai, maji na samaki wa ziada, na umwachie mpishi chochote ulichokusudia mkononi mwake mwenyewe, si kwenye bili. Jioni hiyohiyo mwombe akufungie maandazi au viazi vya njiani, na umkumbushe mlinzi akugongee mlango saa kumi. Atakugongea saa tisa na nusu.