Jinsi ya Kulinganisha Rekodi za My Fair Lady

Tamthilia ya muziki ya My Fair Lady, iliyotungwa na Frederick Loewe kwa upande wa muziki na Alan Jay Lerner kwa upande wa maneno, imerekodiwa mara nyingi tangu ilipoanza kuonyeshwa New York mwezi Machi 1956. Anayetaka kuzijua tofauti za rekodi hizo asizisikilize nzimanzima, moja baada ya nyingine, kwa maana masikio yatachoka kabla hajafikia uamuzi. Achague nyimbo mbili, azifuatilie katika kila rekodi, na ajiulize jambo moja tu: je, kwa kusikia sauti hii peke yake, ninamwona mhusika?

Kwanza tambua unachokisikiliza. Rekodi ya 1956, iliyosimamiwa na Goddard Lieberson wa kampuni ya Columbia, ni ya mono, yaani sauti yote imo katika mkondo mmoja, na ilifanywa siku chache tu baada ya uzinduzi. Ile ya London ya 1959 iliwarudisha studioni Rex Harrison (Profesa Higgins), Julie Andrews (Eliza) na Stanley Holloway (baba yake Eliza), safari hii kwa stereo, yaani sauti iliyogawanywa kushoto na kulia. Ya 1964 ni ya filamu, ambamo nyimbo nyingi za Eliza ziliimbwa na Marni Nixon kwa niaba ya Audrey Hepburn, kwa hiyo ni haki kuiweka kando. Kisha sawazisha ukubwa wa sauti, kwa sababu rekodi inayosikika kwa nguvu zaidi hudhaniwa kuwa bora hata isipokuwa hivyo.

Anza na “Just You Wait”, ambamo Eliza, muuza maua mwenye lafudhi ya mitaa ya London, anamwombea mabaya Profesa Higgins, mwalimu wake wa matamshi. Sikiliza anavyolitamka jina la Henry Higgins bila herufi h, na uchunguze kama kasoro hiyo imo kinywani mwake kweli au ni pambo lililobandikwa. Katikati ya wimbo anajiwazia akiwa maarufu na kupendwa na mfalme, na muziki unalainika; mwimbaji hodari huiacha hasira iendelee kuchemka chini ya ulaini huo. Hapo ndipo Andrews wa 1956, aliyekuwa na umri wa miaka 20, ananigusa zaidi kuliko alivyo miaka mitatu baadaye, ingawa sauti yenyewe ilikuwa imekomaa.

Kwa upande wa Higgins, tumia “I've Grown Accustomed to Her Face”. Harrison husema maneno juu ya muziki zaidi ya kuyaimba, hivyo andika pembeni kila mahali anapoufuata mwendo wa wimbo wenyewe. Katika rekodi ya London anacheza na mapigo kwa uhuru wa mtu aliyeizoea nafasi yake mno. Wapo wanaoupenda uhuru huo. Mimi nauona ukimpunguzia Higgins mshangao wa kujikuta anampenda mtu.

Okestra ya 1959 inasikika kwa upana unaovutia, na upana huo unaweza kukupotosha. Kama kifaa chako kina swichi ya mono, ibonyeze na urudie nyimbo zilezile, ili ulinganishe waigizaji bila kuathiriwa na mitambo. Baada ya hapo ndipo uisikilize rekodi ya New York ya 2018, yenye Lauren Ambrose na Harry Hadden-Paton, ukitumia nyimbo hizohizo mbili.