Poti ya siriali imegoma kwenye Linux? Unganisha kwanza pini 2 na 3

Wakuu, hii ni kwa mafundi wa mtandao, wa mizani za madukani, printa za risiti, inverta za sola, yeyote ambaye bado anachomeka ule waya wa pini 9 kwenye kompyuta. Ninachokiona sana hapa Dar ni mtu akikosa mawasiliano anakimbilia Kariakoo kununua adapta nyingine (ile ya kugeuza USB kuwa siriali), akirudi nayo hali ni ileile, maana adapta haikuwa na shida, shida ilikuwa kwenye setingi au kwenye waya na hela imeshaenda. Kuna kipimo kisicho na gharama ambacho kinakuambia kama tatizo liko upande wako au upande wa kifaa, na nawaomba sana mkifanye kabla ya kununua chochote.

Ila kwanza ujue poti yako inaitwaje. Chomoa adapta, fungua terminali uandike:

sudo dmesg -w

alafu ichomeke tena huku unaangalia. Ukiona mstari unaosema "converter now attached to ttyUSB0" basi keneli (kiini cha Linux) imeitambua, na poti yako ni /dev/ttyUSB0. Bodi kama za Arduino mara nyingi zinakuja kama ttyACM0, na poti ya kwenye ubao mama inaitwa ttyS0. Hapo kwenye ttyS muwe makini, Linux inatengeneza ttyS0 mpaka ttyS3 au hata zaidi hata kama mashine haina poti hata moja, kwahiyo kuona jina tu sio ushahidi. Andika sudo cat /proc/tty/driver/serial, palipoandikwa uart:unknown hamna kitu, palipoandikwa 16550A ndo pana chipu kweli.

Kama dmesg inatoa "device descriptor read/64, error -71" hapo draiva haihusiki, ni umeme au waya wa USB, badilisha tundu, toa hab, jaribu waya mfupi. Na kama inasema attached alafu sekunde hiyohiyo disconnected, na una Ubuntu 22.04 na adapta yenye chipu ya CH340 (hizi za bei rahisi zimejaa mjini), angalia kama neno brltty limetokea. Hiyo ni programu ya mashine za nukta nundu za wasioona, inadhani adapta yako ni mashine yake inaidaka. Kama hakuna anayeihitaji kwenye kompyuta hiyo, sudo apt remove brltty na imeisha. Kama yupo anayeitegemea usimtolee, tumia adapta yenye chipu nyingine.

Ukipata "Permission denied" ni ruhusa tu: sudo usermod -aG dialout $USER, toka kabisa kwenye akaunti uingie upya (kwenye Arch kundi linaitwa uucp). Ukiambiwa poti iko bize, sudo fuser -v /dev/ttyUSB0 itakuonyesha nani kaishika, mara nyingi ni ModemManager (programu ya mfumo inayotafuta modemu) au programu ya screen uliyoisahau wazi.

Sasa kipimo chenyewe. Chomoa kifaa, adapta ibaki peke yake. Kwenye ile plagi ya pini 9 namba zimeandikwa ndogondogo pembeni ya kila pini, chukua kipande cha waya uunganishe 2 na 3. Namba 3 inatuma, namba 2 inapokea, kwahiyo unachotuma kinakurudia. Kisha fungua poti kwa picocom, programu ndogo ya kuandika na kusoma kwenye poti:

picocom -b 9600 /dev/ttyUSB0

Andika herufi. Zikionekana, toa ule waya uandike tena, zikiacha kuonekana basi poti, draiva, ruhusa na adapta vyote ni vizima, usiviguse tena. Hatua ya kuutoa waya watu wanairuka na ndio muhimu kuliko zote, maana programu nyingine zinakuonyesha herufi zako zenyewe hata kama hakuna kilichorudi. Kutoka bonyeza Ctrl-A kisha Ctrl-X. Ikifaulu, hamishia kitanzi mwisho wa waya mrefu urudie, kama waya umekatika ndani utaujua hapohapo.

Kitanzi kikifaulu na kifaa bado kimenyamaza, chukua multimita. Ncha nyeusi kwenye pini 5, nyekundu upime 2 na 3 za kifaa kikiwa kimewashwa na hakijaunganishwa popote. Pini inayosoma volti hasi, tuseme -5 mpaka -12, ndio inayotuma, na hiyo lazima ifike kwenye pini 2 yako. Kama inafika kwenye 3 unahitaji waya uliopishana, yaani 2 ya huku inaenda 3 ya kule na 3 inaenda 2. Ukikuta chanya 3.3 au 5, simama, hiyo ni TTL (siriali ya volti ndogo ya kwenye bodi) sio RS-232 (siriali ya plagi ya pini 9), ukiiunganisha na adapta ya pini 9 unaweza kuunguza bodi. Tafuta adapta ya TTL ya volti hiyohiyo, unganisha GND (ardhi) kwa GND, TX (inayotuma) kwenda RX (inayopokea) na RX kwenda TX, waya wa VCC (wa umeme) uache.

Herufi zikija takataka tupu ni kasi haijalingana. Konsoli za Cisco ni 9600, RouterBOARD za MikroTik ni 115200. Zikija nusu sawa nusu ovyo, yaani baadhi ya namba unazisoma vizuri na nyingine zimegeuka alama za ajabu, usihangaike na kasi, kifaa kinatumia biti 7 na pariti (biti ya ziada ya kukagua makosa), baadhi ya mizani ziko hivyo:

picocom -b 9600 --databits 7 --parity e /dev/ttyUSB0

Na kama unasoma kila kitu ila ukiandika hakuna kinachoenda, hasa kwa wanaotumia minicom (programu nyingine kama picocom), ingia minicom -s, Serial port setup, bonyeza F ili Hardware Flow Control iwe No. Waya wa nyaya tatu hauna pini za kuambiana "tuma sasa", minicom inasubiri ruhusa ambayo haitakuja.

Wanaotumia FreeBSD (mfumo mwingine badala ya Linux) mambo ni yaleyale, majina tu ndo tofauti: poti ya USB ni /dev/cuaU0, kundi ni dialer, unaingia kwa cu -l /dev/cuaU0 -s 9600 na unatoka kwa kubonyeza Enter, kisha alama ya ~ na nukta.